Umenunua Kinanda Toi? Hizi Ndizo Ngoma Tamu na Rahisi za Kuanza Nazo Ukiwa Mtu Mzima

Siku moja nikizunguka Toi nikitafuta viatu, niliona kinanda kimelazwa juu ya rundo la majaketi. Funguo 61, vumbi kiasi, na stika za majina ya noti zimebandikwa kila mahali. Nilipokaribia nikaona kitu. Stika zilikuwa zimefutika rangi kwa funguo tano pekee, kuanzia C ya katikati mpaka G. Zingine zote zilikuwa safi kama zimebandikwa jana. Manake mwenyewe, huko kilikotoka, alifika noti ya tano akachoka, kinanda kikaingia kwa konteina, kikavuka bahari, kikatua hapa nyuma ya Adams Arcade kati ya majaketi na sufuria.

Ukizoea hilo soko utakutana na vinanda vya hivyo. Na ukiuliza wasee walionunua wakaachia njiani, wengi watakuambia hawana kipaji. Mimi sikubali. Shida huwa ni ngoma waliyochagua. Mtu mzima anayeanza piano huwa na masikio makubwa kuliko vidole. Wewe umeskiza muziki miaka ishirini na kitu, unajua ngoma tamu ikoje, lakini vidole vyako ni vya mtoto wa nasari. Kwa hivyo unaanguka upande mmoja kati ya mbili: unachagua kitu kigumu kwa sababu ni kitamu, unakwama wiki ya pili, ama unafunzwa vile vinyimbo vya watoto na unaona aibu hata majirani wakiskia. Si rahisi kukaa kwa keja yako saa nne usiku, umelipa rent na stima mwenyewe, ukicheza wimbo wa kondoo.

Watu wa mitumba wana maneno mawili ya hii kitu. Kamera ni ile mali ya kwanza, safi, inayochaguliwa belo likifunguliwa tu. Fagia ni ile inayobaki chini jioni. Kwa ngoma za kuanza piano kuna kamera kibao, ni vile tu watu hukimbilia fagia.

Kabla ya ngoma, cheki mashine

Hapa nitakuambia kosa langu ndio wewe usilirudie. Kinanda changu cha kwanza nilinunua kwa muuzaji fulani kikiwa na adapta yake. Tulianza na thao nane, tukasukumana mpaka tano na nusu, nikabeba kwa mgongo hadi stage. Nilipofika keja nikachomeka adapta kwa ukuta. Ilitoa moshi na harufu, ikazima. Nikaigeuza kusoma maandishi madogo nyuma: ilikuwa ya volti 100. Japani hutumia volti 100, Kenya tunatumia 240. Kila mtu wa elektroniki anajua hiyo, mimi sikujua. Kinanda chenyewe kilipona, lakini ningeweza kukipoteza siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo ukishika adapta, soma pale imeandikwa INPUT. Ikiwa ni 100 mpaka 240, uko sawa. Ikiwa ni 100 pekee, achana nayo, omba punguzo utafute ingine. Halafu angalia kale kamchoro ka duara kanachoonyesha chanya na hasi. Vinanda vingi vya Yamaha hutaka volti 12 na chanya iwe katikati. Casio nyingi za zamani hutaka volti 9 na hasi ndiyo iwe katikati, kinyume kabisa, na plagi zinaweza kufanana ukidhani ni kitu kimoja. Vinanda vingi vidogo huingia betri sita, kwa hivyo beba zako uende nazo sokoni. Ukiwa na betri hautegemei stima ya kibanda cha mtu, na muuzaji hana la kusingizia.

Ikiwaka, bonyeza kila funguo. Zote 61. Usione haya, hata kama foleni imejaa nyuma yako. Baadaye bonyeza noti moja polepole, halafu uigonge. Sauti ikibaki ile ile, hicho kinanda hakihisi mguso. Si mwisho wa dunia, ila itaamua ngoma zako, nitakuonyesha. Mwisho cheki tundu la hedifoni. Ukiishi ploti ya mabati ama hizi za mbao, hedifoni ndizo zitakufanya ukae kwa amani na jirani. Vinanda vya zamani huwa na lile tundu kubwa, unahitaji kiunganishi kidogo kutoka kwa watu wa vifaa vya simu.

Kamera yenyewe

Nikiulizwa ngoma moja tu ya mtu mzima kuanza nayo, nasema Canon ya Pachelbel. Ile ya harusi. Ukiitoa kwa D yake ya asili ukaileta C, unacheza funguo nyeupe pekee. Mkono wa kushoto una noti nane tu: C, G, A, E, F, C, F, G. Zikiisha zinarudi. Kwa ngoma halisi ule mstari wa chini unarudiwa mara 28, haubadiliki hata siku moja. Mkono wa kulia unaanza kwa kushuka ngazi: E, D, C, B, A, G, halafu unapanda A, B. Weka mikono yote miwili pamoja polepole na ghafla unaskia kitu kinachofanana na muziki wa watu wakubwa. Hiyo ni jioni ya kwanza. Jioni ya kumi unaanza kuongeza noti katikati, na hapo huachi tena. Uzuri mwingine ni kwamba ukikosea, unangoja tu mzunguko ujao unaingia, kama kuruka kamba.

Ya pili ni Preludi ya C meja ya Bach, ile ya kufungua kitabu chake cha mwaka 1722. Hii nitakaa nayo kidogo kwa sababu watu huiogopa bure. Ukiangalia karatasi yake unaona noti nyingi kama mchwa, unafunga kitabu. Lakini siri ni hii: karibu kila kipande cha muziki pale ni noti tano tu, mbili za kushoto na tatu za kulia, zinachezwa moja moja, kisha zinarudiwa. Zote ni kodi zilizofunguliwa. (Kodi za muziki, si ile ya landlord.) Kwa hivyo usicheze noti moja moja mwanzoni. Bonyeza zote tano kwa pamoja, shika, ondoka, tafuta tano zinazofuata. Mara nyingi ni kidole kimoja ama viwili tu vinavyosonga. Ngoma nzima ni vipande 35, na ni vitatu vya mwisho tu vinavyotoka kwa huo mtindo. Ukijifunza vitatu kwa siku, mwezi haujaisha umeimaliza.

Na hapa ndipo kile kinanda kisichohisi mguso kinapata heshima. Vinanda vya wakati wa Bach kama hapsikodi vilikuwa vya kukwanyua nyuzi. Ubonyeze kwa nguvu ama kwa upole, sauti ilikuwa karibu ile ile. Kwa hivyo Bach anavumilia mashine yako ya thao tano vizuri kuliko mabwana waliokuja baadaye. Isitoshe, noti ya chini kabisa ya hiyo preludi ni C ya mwisho kushoto ya kinanda cha funguo 61. Inatoshea kabisa, kama suti ya Toi uliyopata bila kupelekea fundi. Ukiicheza mbele ya Mkatoliki yeyote ataanza kuimba Ave Maria, kwa sababu Charles Gounod alichukua hiyo hiyo preludi karne ya 19 akaiwekea sauti juu.

Menueti ya G inafuata karibu. Iko kwa daftari la muziki la mwaka 1725 la Anna Magdalena, mke wa Bach, na miaka na mikaka watu walisema ni ya Bach mwenyewe. Miaka ya 1970 ikajulikana kwamba ni ya Christian Petzold, mpiga ogani wa Dresden. Bado utaona vitabu vikiandika Bach. Ni fupi, ina F shapu kiasi, na inafunza mikono miwili kubonga kila mmoja na maneno yake. Mimi naiweka ya tatu, si ya kwanza, kwa sababu mkono wa kushoto haukai mahali pamoja.

Sasa tuongee kuhusu Für Elise, kwa sababu najua ndiyo ulikuwa umefungua YouTube. Hii ndiyo ngoma inayorudisha vinanda vingi sokoni. Beethoven aliiacha kwa makaratasi yake, ikachapishwa 1867, miaka 40 baada ya yeye kufa. Ile sehemu ya mwanzo ambayo kila mtu anaijua ni rahisi kweli: mkono wa kulia unatingisha E na D shapu, wa kushoto unafungua kodi moja moja, na mikono karibu haigongani. Shida ni kwamba baada ya hapo kuna sehemu mbili ngumu katikati. Moja inakimbia, ingine inagonga noti za chini mfululizo huku kodi zinapanda juu. Nilipoteza miezi miwili hapo. Siku hizi nawaambia wasee: jifunze ukurasa wa kwanza, maliza pale, simama, pokea makofi. Hakuna kanju atakuja kukukamata kwa kuacha mbili zilizobaki.

Ukitaka kitu cha usiku, cha mvua ikinyesha juu ya mabati, tafuta Gymnopédie No. 1 ya Erik Satie, ya 1888. Iko polepole sana, yenyewe imeandikwa ichezwe taratibu na kwa huzuni. Lakini usidanganywe na upole wake. Mkono wa kushoto unaruka kutoka noti ya chini kwenda kodi ya juu kila mara, na bila pedali ya kushikilia sauti inakaa kavu kama ugali wa jana. Ukiwa na kinanda kisicho na tundu la pedali, ingoje kwanza. Preludi ya E maina ya Chopin, ya 1839, pia ni ya baadaye kidogo. Kushoto kunagonga kodi zile zile zikibadilika kidole kimoja kimoja, kulia kunalia noti chache tu. Ilichezwa kwa mazishi ya Chopin mwenyewe Paris mwaka 1849, na ukiicheza utaelewa kwa nini. Inataka kinanda kinachohisi mguso, la sivyo kile kilio hakitoki.

Ukipenda kasi, kuna Arabesque ya Burgmüller, nambari mbili kwa kitabu chake cha mazoezi 25. Inaskika kama wewe ni hatari, kumbe zile noti za mbio ni vidole vitano vikikaa mahali pamoja vikipanda na kushuka. Ni ngoma ya kujigamba, na kujigamba kidogo kunasaidia mtu asiachie njiani. Schumann naye aliandika vipande 43 mwaka 1848 vya wanaojifunza, akianza kwa ajili ya binti zake. Cha kwanza kinaitwa Melodie, kipole na safi. Mikrokosmos ya Bartók wataalamu wanaisifu, na kweli inajenga vidole, lakini kurasa za mwanzo ni kama kula dawa. Kama lengo lako ni utamu, itumie kando ya ngoma ingine, si peke yake.

Na za nyumbani?

Hapa ndipo wengi husahau kuangalia. Ngoma unayoijua tayari kwa kichwa inakufunza haraka, kwa sababu ukikosea sikio lako linakushtua kabla ya mwalimu.

Wimbo wa taifa ni mfano mzuri kuliko unavyofikiria. Ulitengenezwa 1963 na tume ya watu watano kutokana na wimbo wa Wapokomo wa Tana River wa kubembeleza mtoto. Ndiyo maana unatembea hatua fupi fupi, hauruki ruki, na una ule uzito wa maina. Anza na mkono wa kulia peke yake, polepole kuliko vile mlivyoimba parade. Tatizo pekee ni kwamba watu wa nyumba wanaweza kusimama.

Malaika, ile Fadhili William alirekodi, na ambayo umiliki wake umebishaniwa miaka mingi, inabebwa na kodi tatu za kawaida: C, F na G. Mkono wa kushoto ushike kodi, wa kulia uimbe. Kila mtu kwa chumba atajiunga, na sauti yao itaficha makosa yako. Jambo Bwana ya Them Mushrooms, ya 1982, nayo inakaa kwa kodi chache. Lakini ile ina mdundo wa kuchezesha mabega, na mdundo ni mgumu kuliko noti. Iweke mwezi wa tatu.

Halafu kuna nyimbo za kanisa. Niseme ukweli, mimi nilianza piano kwa sababu ya shosho. Nilimuahidi kwamba Krismasi nikienda ocha nitampigia tenzi moja anayoipenda, na shosho hasahau ahadi. Nilinunua kitabu cha tenzi chenye noti nikashtuka: kila neno lina noti nne juu ya nyingine. Zile ni sauti nne za kwaya, soprano mpaka besi, hazikuandikiwa mtu wa wiki ya tatu. Jamaa mmoja anayepiga kinanda kanisa moja Kawangware ndiye alinitoa ngori. Aliniambia nicheze noti ya juu kabisa na mkono wa kulia, noti ya chini kabisa na wa kushoto, zile mbili za katikati niachane nazo. Tenzi ikatokea papo hapo, nyembamba lakini kamili. Za katikati unaziongeza moja moja miezi ikienda.

Huyo huyo jamaa alinionyesha Amazing Grace kwa funguo nyeusi pekee. Wimbo wote una noti tano, na funguo nyeusi ni tano. Anza na nyeusi ya kushoto ya zile mbili, nenda kwa nyeusi ya kushoto ya zile tatu, kisha ya kulia ya hizo tatu, halafu wacha sikio likuongoze. Huwezi gonga noti mbaya sana hata ukitaka. Kwa msee ambaye hajawahi kushika kinanda maishani, hiyo ndiyo dakika kumi bora za kwanza ninazozijua.

Utaskia pia wapiga kinanda wa kanisa wakichekwa kwamba wanajua C pekee na ile batani ya kuhamisha sauti. Mwimbaji akianza juu, wanabonyeza batani mara mbili, vidole vinabaki pale pale kwa C. Wacha wacheke. Mwaka wa kwanza, hiyo batani ni beshte yako. Ila ukifika mahali pana piano ya mbao haitakuwa hapo, kwa hivyo pole pole zoea na G na F.

Utazipata wapi na utazicheza vipi

Bach, Petzold, Beethoven, Satie, Chopin, Schumann, hawa wote walikufa zamani na karatasi za muziki wao ziko bure kwa mtandao wa IMSLP. Chagua toleo la kawaida, si lile la ogani ama la watu wanne. Malaika na za kisasa hutazipata huko, hizo tafuta kodi uzicheze kwa sikio. Zile video za vijiti vya rangi vinavyoanguka juu ya funguo zinasaidia siku ya kwanza, lakini zinakufanya ufukuze rangi badala ya kuskiza, na bando ikiisha ngoma inaisha pia. Print kwa cyber, karatasi haitaki chaji.

Ukitaka mwalimu, Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa 1944, iko hapo karibu na National Theatre, na wanafunza hata watu wazima. Ukiwa huna hiyo ganji saa hii, mpiga kinanda wa kanisa la mtaa wako anaweza kukutoa mbali kwa chai na heshima. Muulize jambo moja tu la kuanza: akuangalie vidole. Mtu anayejifunza peke yake huzoea kuchapa kila kitu na kidole cha shahada, na kuja kuondoa hiyo tabia ni kazi kuliko ngoma yenyewe.

Dakika ishirini kila siku zinashinda saa tatu za Jumapili. Andika nambari za vidole kwa penseli juu ya noti, kidole gumba ni 1, kidogo ni 5, kwa mikono yote miwili. Cheza kulia peke yake, kushoto peke yake, ndio uunganishe, na uunganishe kwa mwendo wa mzee anayevuka Ngong Road. Na usianzie mwanzo kila siku. Anza na vipande vinne vya mwisho, kesho uongeze vinne kabla ya hivyo, ukirudi nyuma nyuma mpaka ufike juu. Hivyo kila ukicheza unaelekea mahali unapajua, badala ya kuingia giza. Shosho wangu alipata tenzi yake ikianza na makosa mawili na ikiisha safi, na yeye anakumbuka mwisho tu. Sahii anataka ingine, na ina flati tatu.